Njia iliyoachwa wazi ni haki ya nani?

Ndugu msomaji, tuchukulie kwamba ni usiku wa kuamkia Idd katika kijiji cha Rungwa. Waliowahi kupita barabara ya kutoka Itigi kwenda Makongolosi wanakijua. Kipo mkoani Singida, kusini kabisa, jirani na Chunya, pembeni mwa Pori la Akiba lenye jina hilo hilo, lililotengwa tangu mwaka 1951. Ni nchi ya Wakimbu, ya mizinga ya nyuki na ya tembo. Kutoka hapo hadi Itigi, penye stesheni ya Reli ya Kati na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Gaspari, ni zaidi ya kilomita 150, na sehemu kubwa ya njia ni pori. Gari likikuharibikia njiani usiku, jirani yako wa karibu anaweza kuwa simba.

Usiku huo kila mwenye simu anapiga. Kijana aliyeko Mbeya anamtafuta mama yake. Mnunuzi wa asali anauliza mzigo wake umefikia wapi. Marafiki wanatakiana heri ya sikukuu. Saa nne usiku, katika nyumba moja ya kijiji hicho, mama mjamzito anaanza kutokwa na damu. Mumewe anachukua kitochi chake na kupiga. Simu inakatika kwa mlio mfupi. Anapiga tena, mlio ni ule ule. Anatoka nje, anapanda juu ya kichuguu, anatazama kioo cha simu na kuona vijiti vyote vya mawimbi vimejaa. Mtandao upo. Kilichokosekana ni nafasi.

Mfano huu nimeutunga, lakini kila sehemu yake inawezekana, na kila msomaji aliyewahi kupiga simu usiku wa sikukuu akajibiwa kwamba mtandao una msongamano anajua ninachosema. Tofauti ni kwamba wengi wetu tulikuwa tunataka kusema "Idd Mubarak". Yule bwana wa Rungwa anatafuta gari.

Swali langu la wiki hii ni hili. Je, lingekuwa jambo la haki kama mnara ule ungeacha njia moja ya mazungumzo wazi usiku kucha, isiguswe na yeyote, huku watu wenye salio lao halali wanarudishwa, kwa sababu tu huenda mtu kama bwana yule akatokea? Au ni ubadhirifu kuweka kitu bure wakati wenye kukihitaji wamejaa mlangoni?

Kabla hatujajibu, ni vyema tujue mnara unavyofanya kazi, maana wengi tunadhani mawimbi ni kama hewa, kila mtu anavuta kadiri apendavyo. Sivyo. Katika mitandao ya kizazi cha pili, ambayo ndiyo iliyofikisha simu vijijini na ambayo vitochi vinaitegemea hadi leo, wimbi moja la redio hugawanywa katika vipande vinane vya muda. Kimoja hutumika kwa mawasiliano ya mnara wenyewe na simu, yaani kubisha hodi, kupokea majibu na kuelekezwa. Vinabaki saba. Mnara mdogo wenye wimbi moja tu, kwa mpangilio wa kawaida, unabeba watu saba wanaozungumza kwa wakati mmoja. Kuna mbinu ya kubana sauti ili wafike kumi na wanne, lakini kwa kupunguza ubora wa sauti. Mtu anayezidi idadi hiyo anarudishwa, hata awe amesimama chini ya mnara.

Hesabu ya jambo hili ni ya zamani. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alitoa mwaka 1917 kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo kujua ni wapigaji wangapi watarudishwa kwa idadi fulani ya njia. Nimeikokotoa kwa njia saba. Jioni ya kawaida, ambapo watu wanaotaka kuzungumza kwa pamoja ni wastani wa watatu, wanaorudishwa ni kama wawili katika kila mia. Ukiitenga njia moja kwa ajili ya dharura, wengine wakabaki na sita, wanaorudishwa ni kama watano katika mia. Basi bei ya kuweka njia moja wazi, katika jioni ya kawaida, ni watu watatu katika mia watakaolazimika kupiga tena baada ya dakika chache.

Sasa tuje kwenye usiku wa sikukuu, wanapotaka kuzungumza wastani wa watu kumi kwa pamoja. Kwa njia saba zilizo wazi kwa wote, wanaorudishwa ni kama 41 katika mia. Ukitenga moja, wanaorudishwa miongoni mwa wapigaji wa kawaida wanakuwa kama 48. Na hapo hatujahesabu wale wanaopiga tena na tena kwa hasira, ambao huzidisha msongamano.

Tazama vizuri tarakimu hizo. Bila kutenga, bwana wa Rungwa naye ni mmoja wa wale mia. Uwezekano wa yeye kurudishwa ni 41 katika mia, sawasawa na anayeulizia mzigo wa asali. Njia moja ikitengwa, wapigaji wa kawaida wanaongezewa usumbufu wa watu saba katika mia, naye anapita karibu kwa yakini, ila tu kama kuna mwenye dharura mwingine aliyetangulia. Upande mmoja watu saba wamecheleweshewa salamu. Upande mwingine kuna mama na mtoto wake.

Kwa wengi hesabu hiyo inatosha. Mimi naona haitoshi, kwa sababu haki haipimwi kwa wingi na uchache peke yake. Tukianza kusema kwamba faida kubwa ya mmoja inaruhusu kumnyima mwingine kidogo, tutakuwa tumefungua mlango ambao wengi watapita na madai yao. Lazima tuulize: yule aliyerudishwa, je, amedhulumiwa? Amelipa vocha yake. Njia ipo, haina mtu. Amenyimwa.

Hapa natumia mfano wa kisima. Wanazuoni wa fiqhi walipozungumzia maji waliitaja haki inayoitwa shafa, yaani haki ya kiumbe mwenye kiu kunywa. Mwenye kisima ana haki nyingi juu ya kisima chake. Anaweza kumzuia jirani asimwagilie shamba kwa maji hayo. Lakini mwenye kiu anayeweza kufa akikosa maji ana haki katika kisima hicho ambayo mwenye kisima hawezi kuifuta. Anapopewa maji anapokea kilicho chake. Wala haki hiyo haianzi siku anapofika mlangoni. Ilikuwepo tangu zamani, hata alipokuwa bado yuko njiani na jina lake halijulikani.

Ukilitazama jambo hivyo, swali la yule mpigaji aliyerudishwa linabadilika. Njia ya saba haikuwa yake hata akanyimwa. Tangu mwanzo alikuwa na sehemu katika njia sita. Ile ya saba ni amana ya mtu ambaye hayupo, ambaye hatumjui, na ambaye kesho anaweza kuwa yeye mwenyewe. Kitu kilichowekwa amana hakiitwi bure kwa kuwa tu hakina mtu ndani yake. Chumba cha upasuaji hakipangishwi kwa wapita njia kwa sababu usiku huu hakuna mgonjwa.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa gharama. Novemba mwaka 1935 nyumba moja ya mtaa wa Wimpole, London, iliwaka moto na wanawake watano wakafa. Jirani aliyeuona moto alipiga simu zimamoto, lakini siku hizo simu zote zilipitia kwa wahudumu wa ubao wa kuunganishia, na simu yake ikawekwa kwenye foleni pamoja na za watu wengine. Aliandika kwa gazeti la The Times kulalamika. Matokeo yake, tarehe 30 Juni 1937, London ilianzisha namba 999. Watu wengi wanadhani ubora wa namba ile ulikuwa wepesi wa kuikariri. Ubora wake hasa ulikuwa kwamba mtu akiipiga, taa nyekundu iliwaka na king'ora kikalia mbele ya mhudumu, ili aache simu nyingine zote na kuipokea hiyo. Yaani foleni ilipewa macho ya kutofautisha moto na salamu.

Simu za mkononi zilirithi jambo hilo kwa namba 112, inayotumika pia hapa Tanzania. Ukipiga 112, simu yenyewe inaitambua kabla hata ya mnara, na inapobisha hodi inasema hodi ya dharura. Kwa kanuni za kiufundi, simu hiyo inaweza hata kubebwa na mnara wa kampuni ambayo wewe si mteja wake. Ndiyo maana mahali ambapo mtandao wako haupo wakati mwingine unaona maandishi kwamba simu za dharura pekee ndizo zinazowezekana. Hapo jirani anakugawia maji ya kisima chake bila kuuliza wewe ni wa ukoo gani.

Lakini kuna pingamizi mbili nzito, na hatutakuwa waadilifu tukizikwepa.

Ya kwanza ni hii: nani anaamua kwamba hii ni dharura? Sisi ni watu tunaozijua foleni za nchi yetu. Tunajua barabara inavyofungwa, dalala zima zimesimama juani na gari la wagonjwa likiwa katikati yake, ili msafara wa mkubwa upite. Kila panapowekwa mlango wa dharura, wenye vyeo hutafuta funguo. Je, hatuogopi kwamba njia ile ya saba itakuwa ya waheshimiwa?

Hofu hiyo si ya bure. Kila kadi ya simu imewekwa katika fungu, kati ya mafungu kumi ya watu wa kawaida, sifuri hadi tisa. Mtandao ukielemewa unaweza kuyaambia baadhi ya mafungu yasubiri, kisha ukabadilisha, kwa zamu, kama watu wanavyopangiana zamu ya maji. Hilo ni jema, maana usumbufu unagawanywa bila kujali nani ni nani. Lakini yapo pia mafungu ya juu, 11 hadi 15, yaliyotengwa kwa watu wa kampuni yenyewe, vyombo vya usalama, huduma za umma na waokoaji. Haya hubaki wazi watu wote wanapofungiwa.

Tarehe 7 Julai 2005, mabomu yalipolipuka katika treni na basi jijini London na kuua watu 52, polisi wa sehemu ya City waliagiza mtandao mmoja ufungiwe watu wa kawaida katika eneo la kituo cha Aldgate, wabaki wenye kadi maalumu tu. Ulifungwa kwa saa kadhaa. Baadaye, mwaka 2006, ripoti ya Baraza la London lilipochunguza siku ile ilikosoa hatua hiyo. Uongozi wa pamoja wa uokoaji ulikuwa umeamua isichukuliwe, na hapakuwa na uhakika kwamba waliohitaji kuwasiliana pale ndio waliokuwa na simu zenye kadi hizo. Mlango ukafungwa, na huenda baadhi ya waokoaji wakawa wamebaki nje pamoja na raia.

Funzo langu kutoka hapo ni kwamba kuna vipaumbele viwili vinavyofanana kwa sura na kutofautiana kwa asili. Kimoja kinauliza, wewe ni nani? Kingine kinauliza, umefikwa na nini? Haki ya mwenye kiu ni ya aina ya pili. Haiandikwi kwenye kadi ya mtu, inaandikwa kwenye hali yake, na kiu ikiisha haki nayo inaisha. Kipaumbele cha aina ya kwanza huenda kikawa na sababu yake, kwa daktari na kwa mwokoaji, kwa kuwa anakwenda kumhudumia mwenye kiu. Lakini kinapaswa kuwa kifupi, kijulikane kimepewa nani, na kichunguzwe baadaye. Kikiwa cha siri na cha kudumu, kinakuwa msafara wa mkubwa.

Pingamizi ya pili ni ngumu zaidi. Tumezungumzia njia iliyo wazi. Je, ikiwa zote saba zina watu, na ile ya dharura nayo ina mtu, ni halali kumkatia mtu aliyekwisha kuanza kuzungumza ili kumpisha mwenye dharura? Kiufundi inawezekana, mitandao inao uwezo huo. Kimaadili?

Mtu anaweza kusema, mbona swala yenyewe inakatwa? Tumefundishwa madrasa kwamba ukiwa katika swala ukamwona kipofu anaelekea kutumbukia kisimani na hakuna mwingine wa kumwokoa, unakata swala unamwokoa. Ikiwa mazungumzo na Mola yanakatwa, je, mazungumzo ya bei ya vitunguu?

Hoja hii ina nguvu, nami nakiri iliniyumbisha. Lakini tazama nani anayekata. Mwenye kuswali anakata yeye mwenyewe, kwa kuwa amemwona kipofu na amekiona kisima. Mashine inayokata simu haijaona chochote. Haijui kama ninayemkatia anauliza bei ya vitunguu au anamwelekeza dereva njia ya kufika kwa mgonjwa. Na kumnyima mtu ambacho hajakipata ni jambo moja, kumpokonya kilichomo mkononi mwake ni jingine. Kwa hiyo naona utaratibu wenye adabu ni huu: kwanza kutenga, pili kuwazuia wapya kwa zamu, tatu kuyafupisha mazungumzo kwa kuwaonya wanaozungumza kwamba muda umebaki mchache. Kukata kuje mwisho kabisa, pale ambapo hakuna njia nyingine.

Na hata hapo, yapo maneno ya kuongeza. Kanuni ya mafaqihi ni kwamba dharura haibatilishi haki ya mwingine. Mwenye njaa aliyelazimika kula chakula cha watu ili asife anahalalishiwa kula, lakini wengi wao wanasema deni la chakula kile linabaki. Basi na hapa, waliorudishwa usiku baada ya usiku wana deni kwa mwenye mnara. Asije akasema, "Tumewapa kipaumbele wenye dharura," kisha akakaa na wimbi lake moja miaka kumi huku akiuza vocha kwa maelfu. Kutenga ni dawa ya uhaba usioepukika. Uhaba unaoweza kuondolewa kwa kuongeza njia dawa yake ni kuongeza njia.

Sasa turudi Rungwa, kwa sababu hadi hapa nimezungumza kana kwamba bwana yule alipiga 112. Mimi nadhani hakupiga. Mwulize mtu yeyote wa kijijini akifikwa na jambo usiku anampigia nani. Atakutajia mwenye duka aliye na pikapu, au dereva wa bodaboda, au nesi wa zahanati, au shemeji yake aliyeko Itigi. Hizo zote kwa mnara ni simu za kawaida. Mtandao unaitambua dharura kwa namba iliyopigwa, haumtambui mtu kwa pumzi zake. Kwa hiyo unaweza kutenga njia nzuri kabisa, ikakaa wazi usiku kucha, na dharura halisi ya kijiji ikawa imesimama foleni kwenye zile sita pamoja na salamu za Idd.

Kwa nini hapigi namba ya dharura? Wala si ujinga. Mtu hapigi namba ambayo hajawahi kuona ikileta gari. Wenzetu Kenya waliishi miaka mingi na namba 999 isiyofanya kazi, hadi iliporejeshwa mwaka 2013. Namba isiyo na gari nyuma yake ni kisima kisicho na ndoo. Utaratibu wote wa njia ya saba unasimama juu ya neno moja, kuaminika, na neno hilo halijengwi na mnara.

Ndiyo maana naona kwamba hatua kubwa zaidi katika jambo hili hapa kwetu haikutokana na minara. Ni mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mtu anapiga namba 115 bila malipo, kituo kinasikiliza hali ya mama au mtoto mchanga, na kama gari la wagonjwa halipo karibu wanaitwa madereva wa kawaida wa eneo hilo, waliokwisha kuandikishwa, na kulipwa kwa simu. Yaani yule mwenye pikapu, ambaye kijiji kilimpigia siku zote, ameingizwa ndani ya namba. Wamewakuta watu pale walipo.

Lakini hapa pia mhandisi ana jambo la kufanya. Nimesema 112 inatambuliwa na simu yenyewe. Namba nyingine, kama 114 ya zimamoto na 115, hazitambuliwi hivyo na kila simu. Zinategemea zimeandikwa kwenye kadi au zimepangwa kwenye mtandao kuwa za dharura. Zisipoandikwa, zinasafiri kama simu ya kawaida, zinabisha hodi ya kawaida, na usiku wa msongamano zinaweza kurudishwa kama nyingine. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na kampuni zote zinapaswa kuweza kumjibu mwananchi swali moja jepesi: mtu akipiga 115 kutoka Rungwa usiku wa Idd, hodi yake ni ya namna gani? Swali hilo halihitaji semina. Linahitaji jibu la ndiyo au hapana.

Na sisi wenye simu je? Sisi wa mijini hasa, wenye minara kila kona, tunaweza kudhani hili ni la watu wa porini. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji limelalamika zaidi ya mara moja kuhusu watu wanaopiga 114 kwa mzaha, kutukana, au kutoa taarifa ya moto usiokuwepo. Wengine ni watoto waliopewa simu ili wanyamaze. Mzaha huo unachukua njia iliyotengwa, unamchukua mhudumu, na huenda ukalichukua gari. Ni kukojoa katika kisima cha njiani. Mzazi anayecheka mtoto wake anapofanya hivyo afahamu kwamba amecheka juu ya amana ya mtu asiyemjua.

Kuna pia adabu ndogo ndogo. Palipotokea ajali kubwa, kila mkono unakwenda kwenye simu. Hilo ni la kibinadamu. Lakini katika mitandao hiyo ya vitochi ujumbe mfupi wa maandishi hauchukui njia ya mazungumzo, unapita katika kile kipande cha kubishia hodi. "Tuko salama" ni maneno mawili. Ukiyaandika badala ya kupiga na kuzungumza robo saa, umemwachia mwingine njia, na hutajua kamwe ni nani. Sadaka za namna hiyo, ambazo mpokeaji hamjui mtoaji wala mtoaji hamjui mpokeaji, tunaambiwa siku zote kwamba ndizo bora.

Jambo la mwisho. Kabla ya foleni ya kwenye mnara kuna foleni kubwa zaidi, ya kuupata mnara wenyewe. Kampuni hujenga penye wateja, na pori halinunui vocha. Ndiyo sababu ya kuwepo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, ambao kampuni zinauchangia ili minara ifike pasipo na faida. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ni hatua ya kushukuriwa. Lakini swali la njia ya saba linatufuata hadi huko. Tunapopanga mnara upi utangulie, je, tunahesabu wateja tu, au tunahesabu pia umbali wa mtu na hospitali? Kata yenye watu wachache walio kilomita 150 kutoka kwa daktari wa upasuaji ina kiu kuliko kata yenye watu wengi walio kilomita kumi. Tukikubali kwamba mwenye kiu ana haki katika kisima kilichopo, hatuwezi kukataa kwamba ana haki ya kufikiriwa kisima kinapochimbwa.

Nimeanza kwa kuuliza kama ni haki kuacha njia moja wazi watu wakiwa mlangoni. Jibu langu ni ndiyo, kwa masharti niliyoyataja: iwe kwa hali ya mtu na siyo cheo chake, iwe na gari nyuma yake, isiwe kisingizio cha kutoongeza njia, na sisi wengine tusiichezee. Usiku wa Idd ijayo ukipiga simu ukaambiwa mtandao una msongamano, kabla hujalaani, kumbuka kwamba huenda kuna njia moja mahali fulani ambayo haikupewa wewe. Muombe Mungu isihitajiwe na mtu. Na ikihitajiwa, imkute wazi.

Wallahu a'lam.